Njia ya Mbio Kati ya Mto na Mlima: Somo Kutoka Mjimwema, Songea

Miongoni mwa michezo yote, mbio ndizo zinazohitaji vifaa vichache kuliko yote. Mkimbiaji hahitaji mpira wala wavu, anahitaji njia. Kwa sababu hiyo shule nyingi huichagua njia ya mbio bila ya kufikiri sana. Mara nyingi huwa ni barabara iliyo karibu na lango la shule, au kijia chochote kinachopendeza macho, hasa kikipita kando ya maji au kikipanda kilimani mahali penye upepo na mandhari ya mbali.

Ni kweli kwamba mandhari nzuri humvuta mtu akimbie tena kesho. Hata hivyo, uzuri wa njia huonekana kwa macho, lakini ufaafu wake hujulikana kwa kupima. Njia ile ile inayopendeza yaweza kuuchosha moyo wa mwanafunzi kupita kiasi, na pia yaweza kuharibu kijito ambacho watu wa mji mzima hunywa maji yake. Makala haya yaeleza jinsi walimu na wanafunzi wa shule za sekondari wanavyoweza kuipima njia ya mbio kwa vifaa vya kawaida. Mfano unaotumika ni Mjimwema, katika Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma.

Mahali penyewe

Mji wa Songea uko juu ya uwanda wa kusini mwa Tanzania, mwinuko wa kadiri ya mita 1,150 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi ya Juni na Julai ni ya baridi, na asubuhi zake aghalabu huwa na ukungu mabondeni.

Mtu aliyeko Mjimwema akitazama upande wa mashariki ya mji huiona milima ya Matogoro. Milima hii si mikubwa kama ile ya kaskazini mwa nchi, lakini umuhimu wake ni mkubwa kuliko kimo chake. Humo ndimo zinamoanzia chemchemi za mto Ruvuma, ambao husafiri mwendo wa kilomita 800 hivi, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo huwa mpaka kati ya Tanzania na Msumbiji, kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Humo pia huanzia mto Luhira, ambao hujiunga na Ruvuma na ni miongoni mwa vyanzo vya maji ya mji wa Songea. Na humo huanzia mto Luwegu, ambao haufuati njia hiyo hata kidogo: huelekea kaskazini-mashariki, hukutana na Kilombero, na kwa pamoja hufanya mto Rufiji.

Basi mgongo wa milima hiyo ni kigawa-maji. Matone mawili ya mvua yaliyoanguka hatua chache tu moja mbali na lingine yaweza kufika baharini mahali pawili mbalimbali: moja kusini ya Mtwara, na lingine mkabala wa kisiwa cha Mafia, baada ya kupita katika bwawa la umeme la Julius Nyerere. Mkimbiaji anayepita juu ya mgongo kama huo anakanyaga mlango wa mito miwili mikubwa ya nchi. Jambo hilo litarejewa baadaye, kwa kuwa linahusu nyayo zake.

Kupima urefu wa njia

Jambo la kwanza ni kujua urefu wa njia. Kukadiria kwa macho au kwa muda wa kutembea hakutoshi. Katika mashindano makubwa duniani, barabara za mbio ndefu hupimwa kwa baiskeli, nayo ni njia ambayo shule yoyote yaweza kuifuata.

Chora alama kwa chaki juu ya tairi ya mbele. Pima kwa utepe mstari ulionyooka wa mita 100 katika uwanja wa shule. Sukuma baiskeli juu ya mstari huo ukihesabu mizunguko ya gurudumu. Gawanya mita 100 kwa idadi ya mizunguko, nawe utapata mzingo wa gurudumu. Tuseme mzingo ni mita 2.20. Kisha sukuma baiskeli katika njia nzima, mwanafunzi mmoja akihesabu na mwingine akiandika. Mizunguko 1,364 itakuwa sawa na kilomita 3 kwa ukaribu sana.

Usahihi wa kipimo hiki hutegemea tairi. Tairi ikipungua upepo kidogo, mzingo ukawa mita 2.18, kila mzunguko utahesabiwa kuwa mrefu kuliko ulivyo. Kosa ni sentimita 2 tu katika mzunguko mmoja, lakini katika njia ya kilomita 6 hufikia mita 55 hivi. Ndiyo maana wapimaji wa mashindano huilinganisha baiskeli na mstari ulionyooka kabla ya kazi na baada ya kazi, kisha huongeza mita 1 katika kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Katika marathoni ya kilomita 42.195 nyongeza hiyo ni mita 42.

Msomaji anayeona kwamba uangalifu huo umepita kiasi na akumbuke mashindano ya dunia ya Tokyo ya mwaka 2025. Mtanzania Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni kwa muda ule ule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mwisho wa mbio ndiyo iliyoonyesha kwamba Simbu alitangulia kwa mia tatu za sekunde, yaani sekunde 0.03. Kwa mwendo wa wakimbiaji hao, tofauti hiyo ni pungufu ya nusu mita.

Mwinamo na kazi ya misuli

Njia mbili zenye urefu sawa hazichoshi sawasawa. Lililo muhimu ni mwinamo, yaani kiasi cha kupanda kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Mwinamo hupimwa kwa kipimapembe cha darasani kilichofungiwa uzi wenye jiwe dogo. Mwanafunzi hutazama kupitia ukingo ulionyooka wa kipimapembe hadi kwenye macho ya mwenzake mwenye kimo sawa naye aliyesimama mbele, na mwingine husoma pembe ya uzi. Pembe ya nyuzi 6 ni sawa na kupanda mita 10.5 katika kila mita 100. Matokeo yaweza kulinganishwa na kontua za ramani ya skeli ya 1:50,000.

Sasa na tukadirie gharama ya njia. Katika ardhi tambarare, mtu anayekimbia hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo moja ya mwili wake katika kila kilomita. Mwanafunzi mwenye kilo 50 akikimbia kilomita 6 atatumia kilokalori 300. Tuseme kwamba nusu ya kwanza ya njia hiyo humpandisha mita 100. Kazi ya kuinua mwili wake ni:

50 × 9.8 × 100 = juli 49,000, yaani kilokalori 12 hivi.

Yaonekana ni kidogo. Lakini misuli hubadili robo moja tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Sehemu iliyobaki huwa joto. Kwa hiyo mwili hutoa kilokalori 47 ili kupata hizo 12. Gharama ya kwenda imeongezeka karibu theluthi moja, ingawa njia haikuongezeka hata mita moja.

Je, mkimbiaji hulipwa anaporudi akiteremka? Hulipwa sehemu tu. Anapoteremka, misuli ya mbele ya paja hurefushwa wakati ule ule inapojikaza ili kumzuia asianguke. Kazi ya namna hiyo haitumii oksijeni nyingi, lakini hupasua nyuzinyuzi za misuli kwa kiasi kidogo. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Huja baada ya siku moja au mbili. Mwanafunzi asiyezoea vilima hushangaa kwamba moyo wake haukuhema wakati wa kuteremka, na bado kesho yake ashindwa kushuka ngazi. Mwalimu mwangalifu huanza na miteremko mifupi, akiongeza wiki baada ya wiki.

Hewa, joto na jasho

Katika usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni milimita 760 za zebaki. Kwa mwinuko wa Songea ni milimita 660 hivi. Sehemu ya oksijeni hewani ni ile ile, asilimia 21, lakini kanieneo yake imeshuka kutoka milimita 159 hadi 139 hivi. Upungufu huu ni mdogo, na mwenyeji hautambui. Mgeni kutoka pwani huweza kuona pumzi yake inapungua mapema anapopanda kilima. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 iliyofanyika Mexico, mji ulio mwinuko wa mita 2,240, mbio ndefu zilitawaliwa na watu wa nyanda za juu: Naftali Temu na Kipchoge Keino wa Kenya, na Mamo Wolde wa Ethiopia. Mtu aishiye juu kwa muda mrefu mwili wake huongeza himoglobini, chombo kinachobeba oksijeni katika damu. Lakini himoglobini huongezeka kwa uwazi zaidi katika miinuko mikubwa kuliko wa Songea. Haifai kumwambia mwanafunzi kwamba kuzaliwa uwandani peke yake kutamfanya bingwa.

Hatari kubwa zaidi kwa mkimbiaji wa shule si upungufu wa oksijeni bali joto. Katika zile kilokalori 300 za mfano wetu, zaidi ya robo tatu, yaani zaidi ya 225, huwa joto. Kama joto hilo lisingepata njia ya kutoka, mwili wa kilo 50 ungepanda zaidi ya nyuzi 5 za Sentigredi: kutoka 37 hadi 42, kiwango kinachoweza kuua. Kinachomwokoa mkimbiaji hasa ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa kilokalori 580 hivi. Kwa hiyo chini kidogo ya nusu lita yatosha kulipa deni letu. Sharti ni moja: likauke. Jasho linalodondoka chini halipozi mwili. Ndiyo sababu mkimbiaji wa Dar es Salaam, anayepita kando ya bahari kwenye hewa yenye unyevu mwingi, hulowa zaidi na kupoa kidogo kuliko mwenzake wa Songea wakati wa kiangazi.

Hapa ndipo mandhari ya mto na miti yanapokuwa na faida isiyo ya macho peke yake. Miti huzuia jua, na majani yake hutoa mvuke, kazi ambayo huchukua joto kutoka hewani. Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili kwa kutundika themometa mbili saa nane mchana, kimo cha mita moja na nusu, moja chini ya miti na nyingine kivulini mwa ukuta kando ya barabara isiyo na mti. Asubuhi ya Julai waweza kufanya jaribio jingine: themometa moja bondeni na nyingine juu ya kilima. Mara nyingi usiku ukiwa shwari bonde ndilo huwa na baridi zaidi, kwani hewa baridi ni nzito na hutiririka chini kama maji. Atakayeanzia mbio bondeni alfajiri na avae nguo ya kuvuliwa njiani.

Moyo wenyewe ni kipimo. Weka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Pima kabla ya kukimbia, mara baada ya kupanda, na tena baada ya dakika 2 za kupumzika. Kikomo cha mapigo hukadiriwa kwa kutoa umri kutoka 220, ingawa watu hutofautiana. Mapigo yanayoshuka upesi baada ya mbio ni dalili njema. Mwanafunzi anayeshindwa kusema sentensi nzima katika mazoezi ya kawaida na apunguze mwendo. Anayepata kizunguzungu, anayeyumba au kusema maneno yasiyoeleweka asilazimishwe kumaliza: apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na ampelekwe hospitali bila kuchelewa.

Nyayo, mvua na udongo

Mpaka hapa tumeangalia njia inavyomtendea mkimbiaji. Yafaa sasa kuangalia mkimbiaji anavyoitendea njia.

Udongo wa msituni una vinyweleo vingi vilivyotobolewa na mizizi, mchwa na minyoo. Majani makavu hupokea pigo la matone ya mvua. Nyayo za watu wengi huondoa majani hayo na kuufunga udongo. Jaribio lake ni rahisi. Twaa makopo mawili yasiyo na mfuniko wala kitako. Gongomea moja katikati ya kijia na lingine hatua tatu pembeni, kila moja sentimita 3 ndani ya udongo. Mimina maji nusu lita katika kila kopo na uandike muda wa kupenya. Tofauti itakayoonekana haitahitaji maelezo.

Maji yasiyopenya hutiririka. Fikiri kijia chenye upana wa mita 1 kinachoshuka moja kwa moja kilimani kwa urefu wa mita 500. Mvua moja ya milimita 20 huteremsha juu yake meta 10 za ujazo, yaani lita 10,000, au madebe 500. Hata nusu yake ikipenya, nusu iliyobaki hukimbia katika mfereji uliochimbwa kwa miguu. Kijia hicho kikiliwa sentimita 1 tu kwa msimu, udongo unaopotea ni meta 5 za ujazo, uzito wa tani 6 au zaidi, ambao ni shehena ya lori. Mkimbiaji akiukwepa mfereji huo hupita pembeni. Njia hupanuka, na mwaka wa pili kijia huwa korongo.

Udongo huo haupotei hewani. Hufika kijitoni. Maji yenye matope huhitaji shabu nyingi zaidi ili yasafike, na mashimo ya mto na mabwawa hupungua kina. Katika milima ambayo ni chanzo cha Ruvuma, Luhira na Luwegu, jambo hili si dogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au chanzo cha maji. Mtu anayepita mbio si shughuli ya kudumu. Lakini njia inayokanyagwa na darasa zima kila juma kwa miaka mingi inakaribia kuwa hivyo.

Kuchagua njia

Kutokana na vipimo hivi, kanuni tano zaweza kufuatwa na shule ya Mjimwema, au nyingine yoyote yenye mto na kilima karibu.

Kwanza, njia ifuate kontua badala ya kupanda kilima moja kwa moja. Kwa hilo mkimbiaji hupunguziwa mwinamo, na maji hunyimwa mteremko. Jambo lile lile humfaa mwanafunzi na humfaa mto.

Pili, njia itumie barabara na vijia vilivyopo, isifungue kipya. Iuone mto kutoka mbali, iusogelee mahali pamoja tu, kwenye daraja au kivuko kilichojengwa. Wanafunzi wasivuke kwa kukanyaga maji yaliyotulia, kwani ndimo konokono wa kichocho hupenda kukaa.

Tatu, palipo na mwinamo usioepukika, vijengwe makinga maji ya mawe au magogo yanayokata njia kwa mshazari na kuyatoa maji pembeni kwenye nyasi.

Nne, wakati wa mvua kubwa za Januari hadi Machi njia ya kilimani ipumzishwe, na mbio zihamie barabarani, wakimbiaji wakielekea magari yanakotoka.

Tano, kabla ya kuingia katika msitu wa hifadhi ruhusa iombwe kwa ofisi inayousimamia, na wanafunzi waende kwa makundi, wasiende mmoja mmoja.

Njia iliyochaguliwa hivyo itakuwa na uzuri wake: misuku na miyombo ya Matogoro, ukungu wa Julai, na mji ukionekana kwa chini. Pamoja na hayo itakuwa na daftari lake la vipimo, ambalo kila kidato kitalipokea kutoka kwa kilichotangulia na kuliongezea. Baada ya miaka mitano daftari hilo litaonyesha kama mapigo ya wanafunzi yameshuka, na kama kijia kimebaki na kina chake cha kwanza. Yote mawili yakiwa mema, njia hiyo inafaa.

Maswali na mazoezi

1. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.10 lilizunguka mara 1,500. Njia hiyo ina urefu gani? Baadaye iligunduliwa kwamba mzingo ulikuwa mita 2.08. Kosa lilikuwa mita ngapi?

2. Mwanafunzi mwenye kilo 60 amepanda mita 80. Tafuta kazi aliyoifanya dhidi ya uvutano wa dunia, kisha ukadirie nishati aliyoitumia ikiwa misuli hubadili robo moja tu kuwa kazi.

3. Eleza kwa nini feni humpoza mtu mwenye jasho ingawa haipunguzi halijoto ya chumba.

4. Chora ramani ya njia ya mbio ya shule yenu. Weka alama mahali penye mwinamo unaozidi mita 10 katika mita 100, na mahali palipo ndani ya mita 60 za maji. Pendekeza mabadiliko, ukieleza sababu.

5. Pimeni kina cha kijia kimoja mahali kumi mwezi Novemba na tena mwezi Mei. Kadirieni uzito wa udongo uliochukuliwa, na mjadili umekwenda wapi.